Orodha yenu haikugeuza santuri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu. Mimi ni fundi redio mstaafu, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga. Gazeti lako huingia nyumbani kwangu kila Jumapili asubuhi, lakini mkononi mwangu hufika mchana, mjukuu akishamaliza ukurasa wa mpira na mkwe wangu akishakata kipande cha mapishi. Mara nyingi nalisoma likiwa na dirisha katikati. Jumapili iliyopita mkasi haukugusa orodha yenu ya albamu 10 zilizobadilisha muziki wa dunia, nami nikaisoma mara mbili.

Sina ugomvi na waliomo. Thriller ya Michael Jackson ya 1982, nani atabisha? Kanda ile imenilipia karo za watoto, maana watu waliipiga mpaka hedi za redio zao, yaani vichwa vya kusomea kanda, zikajaa uchafu, wakaniletea nizisafishe kwa spiriti. Exodus ya Bob Marley ya 1977, hewala. Beatles na Sgt. Pepper yao ya 1967, sawa, wenye kuijua wanasema ilifungua njia. Ila nauliza kwa adabu: orodha ile mmeikalia kitako wenyewe, au mmeiokota mahali mkaitia Kiswahili? Maana inapima muziki kwa albamu, na huku kwetu, katika miaka ninayoijua mimi, albamu haikuwa kipimo. Sisi tulikuwa watu wa santuri ndogo.

Vijana wataniuliza santuri ndogo ndiyo nini. Ni ile ya inchi 7, inayozunguka mara 45 kwa dakika. Upande mmoja ulibeba dakika nne au tano tu, na nyimbo za bendi zetu zilikuwa ndefu kuliko hapo. Ukumbini wimbo mmoja uliweza kwenda robo saa na hakuna aliyelalamika. Studio za Nairobi zikafanya la kufanya: zikaukata wimbo katikati, sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Hadithi na maneno vikakaa upande wa kwanza. Upande wa pili magitaa yakafunguliwa kamba. Ukitoa hela yako dukani ulinunua wimbo mmoja, na ukiwa mbaya hakukuwa na mwingine wa kukufariji.

Na ndivyo mambo makubwa yalivyotokea. Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi taarabu kwa Kiswahili, hakurudi na albamu. Grand Kallé wa Kongo na bendi yake ya African Jazz walipopiga Indépendance Cha Cha huko Brussels mwaka 1960, ulikuwa wimbo mmoja, na Afrika nzima iliusikia. Kwa hiyo ukiweka sheria ya albamu mlangoni, nusu ya wazee wetu wanabaki nje wamesimama.

Sasa nije kwenye santuri yangu. Ni wimbo Sina Makosa wa Les Wanyika, bendi ya Nairobi.

Nilikuwa na miaka 19, vita vya Kagera vimekwisha, nami ni mwanafunzi wa ufundi kwenye kibanda cha redio huko Ngamiani. Bosi wangu alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kikohozi kisichoisha. Mtaa mzima ulimwita Mjomba, nami nitamwita hivyo hivyo. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Santuri zilitengenezwa Nairobi, na Tanzania hatukuwa na kiwanda cha santuri. Basi wimbo tuliusikia kwanza kwa Sauti ya Kenya, ambayo hapa Tanga iliingia vizuri, hasa usiku. Kuumiliki ilikuwa kazi nyingine.

Santuri ilitufikia kwa ngalawa. Mvuvi mmoja wa Moa, kijiji cha pwani karibu na mpaka, aliileta ndani ya pakacha la ng'onda, imeviringishwa kwenye kipande cha kanga, na mpaka leo nikiusikia wimbo ule pua yangu inakumbuka papa mkavu. Hakutaka kuiuza. Alitaka tumwekee kwenye kanda, kisha santuri aiache kwetu kama malipo, kwa sababu kwao hakuna mashine ya kuipigia.

Tulikuwa na mashine ya santuri ya sanduku, inayotumia betri sita. Betri mwaka ule zilikuwa za kutafuta kwa tochi, na tochi yenyewe haina betri. Tulizianika juu ya bati tangu asubuhi, kama mtu anavyoanika mchele, ili zipate nguvu ya kusukuma walau dakika kumi. Sindano ilikuwa butu, kwa hiyo tuliweka sumuni, sarafu ya senti hamsini, juu ya kichwa cha mkono wa mashine isirukeruke. Waya wa kuunganishia redio kaseti ulikuwa umekatika, na lehemu tulikuwa tumeishiwa. Mjomba akaamua tutarekodi kwa hewa: redio kaseti tuikabilishe na spika, tubonyeze kitufe, kila mtu afunge mdomo.

Kazi yangu ilikuwa kuinua mkono wa mashine upande wa kwanza ukiisha na kuigeuza santuri haraka. Kazi ya Mjomba ilikuwa kusimamisha kanda wakati nageuza. Wimbo ukaanza. Gitaa la ridhim, lile la kushika mwendo, kisha besi ya Tom Malanga ikaingia chini yake, nzito, yenye kuacha nafasi, kama mtu anayetembea akijua hajachelewa. Nilikuwa nimeusikia redioni, lakini redioni besi huwa haipo, unaisikia harufu tu. Nikasahau kazi iliyoniweka pale. Upande ukaisha, sindano ikabaki inakwaruza katikati, na Mjomba naye, kidole chake juu ya kitufe, hakukibonyeza. Alipiga kelele: "Geuza!"

Nikageuza. Nikapiga teke ndoo. Kuku akatoka chini ya meza akilalamika. Upande wa pili ukaanza, na vyote hivyo vimo ndani ya kanda: kwaruzo, "Geuza!", ndoo, kuku, kikohozi. Kurudia hatukuweza, maana betri zilikuwa zinakufa. Zilikufa hata kabla ya mwisho, kwa hiyo dakika ya mwisho ya wimbo inalegea taratibu, sauti zinashuka, mpiga solo anakuwa kama anasinzia.

Mvuvi akachukua kanda yake akaenda zake. Sisi tukapiga nyingine kutoka kwenye nakala tuliyobaki nayo, na nyingine kutoka kwenye hiyo. Leo mngetuita maharamia wa kazi za wasanii, na mngekuwa na haki. Wale vijana waliopiga gitaa hawakupata senti tano kwa kanda hata moja iliyotoka kwenye kibanda chetu. Wakati ule hata hatukuliona kama jambo. Tulimtoza mtu gharama ya kanda na soda.

Mhariri, utauliza: wimbo mtamu, haya, umebadilisha nini? Swali hilo hilo aliniuliza mjukuu wangu. Mimi sijui nadharia, najua nilichokiona kibandani. Kulikuwa na kijana jirani yetu aliyekuwa anajifunza gitaa, anapigia kikundi cha harusi. Kabla ya hapo kila kijana aliyeshika gitaa alitaka kuwa mpiga solo, na ambaye kila mmoja alitaka kumwiga ni Mbaraka Mwinshehe. Ridhim alipewa aliyeshindwa solo. Ilikuwa kama kuwekwa golini kwenye mpira wa mtaani. Mbaraka alifariki kwa ajali Mombasa Januari 1979, na nakumbuka watu walilia barabarani kama wamefiwa na ndugu. Kiti kikabaki wazi. Na wimbo uliokuja kunishika mimi baada ya kifo chake haukuwa na solo la kujitanua. Ulikuwa na mtu anaitwa Professor, Professor Omari Shabani, na alichokuwa anapiga ni ridhim.

Yule kijana jirani alikuja kila jioni kuomba tumwekee. Hakutaka wimbo mzima. Alitaka pahali pamoja, upande wa pili, ambapo ridhim na besi zinajibizana bila mtu kuimba. Alikuwa akirudisha sindano mwenyewe kwa kidole, mara 20, mara 30, akitazama angani huku mkono wake wa kushoto unatafuta nyuzi hewani. Mjomba alimfokea kwamba anachimba mfereji. Kweli alichimba. Pahali pale santuri ikaota kovu, ukipitisha kucha unalihisi. Wiki chache baadaye nilikwenda harusi Chumbageni kikundi chake kikipiga, na yeye alikuwa amesimama mbele, mpiga solo nyuma yake. Wazee wakaguna. Vijana hawakukaa.

Ukitaka kujua jambo limebadilika usitazame magazeti, tazama nani anasimama mbele.

Na kuna maneno yenyewe. Nyimbo za mapenzi tulizozoea zilimwimba mwanamke: umeniacha, rudi, nakupenda. Hapa mwanamume anamwambia mwanamume mwenzake aliyekuja na hasira za wivu kwamba amekosea mlango, kila mmoja ana wake. Ni ugomvi wa kibarazani kabisa, Kiswahili cha kawaida, hakuna fumbo la kutafutia kamusi. Mji mzima ulikitumia kichwa cha wimbo kujitetea. Kondakta akidaiwa chenji, "sina makosa". Mtoto akivunja kikombe, "sina makosa". Niliwahi kumsikia mwalimu wa madrasa akikikataza.

Nikisema santuri hii ni ya Tanga sisemi kwa ushabiki tu, ingawa ushabiki ninao. Les Wanyika walizaliwa Nairobi mwishoni mwa 1978, Shabani, Malanga na wenzao walipojitenga na Simba Wanyika, wakaungana na John Ngereza. Simba Wanyika nao waliundwa na kina Kinyonga, Wilson na George, ambao mkono wao ulinolewa hapa hapa Tanga katika Jamhuri Jazz, wakapitia Arusha, kisha 1971 wakavuka. Kama ulikuwepo Tanga enzi za bendi za Jamhuri na Atomic, ukisikia magitaa yale hukuhitaji kuuliza kwao ni wapi. Mkonge ulikwenda Ulaya ukarudi kamba, na magitaa yetu yalikwenda Nairobi yakarudi santuri. Tofauti ni kwamba kamba hazikuhitaji kupita kwa ngalawa usiku.

Kwa nini waliondoka? Hapa bendi nyingi zilikuwa za mashirika, jeshi, polisi, kiwanda cha Urafiki, jumuiya ya wafanyakazi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, gitaa si lake. Wimbo ukishaiva ulirekodiwa Radio Tanzania, ukapigwa hewani, basi. Tunazishukuru zile tepu, bila hizo tusingekuwa na kumbukumbu. Lakini redio huwezi kuinunua nusu kilo ukaenda nayo nyumbani. Nairobi kulikuwa na kampuni za santuri na kiwanda, na mtu wa Kisumu au Kampala aliweza kununua wimbo wako bila kukujua.

Sitaki kudai kila kitu kimetoka kwenye santuri moja. Wakongo wa Super Mazembe walikwishatoa Kasongo mwaka 1977, kabla Les Wanyika hawajakuwepo, na juzi juzi vijana wa Kenya wameufufua kwa sababu zao wenyewe ambazo mimi Mtanzania sizigusi. Samba Mapangala na Virunga walikuja na Malako miaka ya mwanzo ya themanini, na hiyo nayo ningeipigia kura. Lakini hesabu tu bendi zilizojiita Wanyika hivi au Wanyika vile baada ya pale. Issa Juma, aliyekuwa mwimbaji wa Les Wanyika, akaunda Super Wanyika. Wakafuata wengine, jina likawa kama jina la dawa, kila duka linaweka chupa yake. Kibandani wateja walianza kutuambia "niwekee kanda ya Wanyika" bila kutaja ni Wanyika gani, na tulipowauliza walikasirika. Likawa jina la mtindo.

Santuri yenyewe haipo tena, na hapo ndipo penye uchungu wangu. Mwaka 1983 ulipokuja msako wa wahujumu uchumi, mtu akikutwa na katoni ya sabuni alikuwa na maelezo ya kutoa. Watu walitupa vitambaa baharini. Mjomba alikuwa na sanduku la santuri zaidi ya 60, karibu zote zimepita njia za panya, hazina risiti. Usiku akalizika nyuma ya choo. Nilimwambia aziweke hata darini, akasema darini ndiko wanakoangalia kwanza. Hakuna aliyekuja. Mwaka ule ule, Novemba, mpaka ukafunguliwa, tukaenda na jembe. Maji ya mvua za vuli yalikuwa yameingia, na juu yake tulikuwa tumelundika matofali ya mtu. Zilitoka zimepinda, nyingine zimekunjamana ukingoni kama chapati iliyoungua upande mmoja. Sina Makosa ilikuwa karibu na juu. Karatasi ya katikati ilibaki mkononi mwangu, nyekundu, imelowa, na sahani ikabaki mkononi mwa Mjomba. Aliijaribu hivyo hivyo kwenye mashine. Sindano ilipanda na kushuka kama ngalawa ya yule mvuvi, ikatoa neno moja moja, kisha ikaruka nje kabisa pamoja na sumuni.

Zikabaki kanda. Na kanda, Mhariri, zilikuwa zimesafiri kuliko sisi. Kama mwaka 1986 hivi nilikuwa kwenye basi la kwenda Korogwe, dereva kaweka muziki, nimeegemea dirisha nasinzia. Nikasikia wimbo wetu. Upande wa kwanza ukaisha, nikasikia kwaruzo, halafu ndani ya basi lile lililojaa watu na magunia, sauti ya Mjomba: "Geuza!" Abiria wanne au watano wakaitikia pamoja, "Geuza!", bila hata kukatisha mazungumzo yao, kama watu wanaoitikia kibwagizo. Mama mmoja mwenye kuku akasema kuku wa kwenye kanda ni jike. Nilitaka kuwaambia ndoo ile niliipiga mimi. Nikaona aibu, nikanyamaza. Mjomba alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Tangu hapo nimewasikia watu wakiuimba hivyo, pamoja na "geuza" yake. Niliwahi kubishana na mzee mmoja wa Muheza aliyeshikilia kwamba bendi ndiyo iliyoweka neno lile kuwaambia wachezaji wageuke, na kwamba mwishoni bendi ililegeza mwendo makusudi ili watu waagane na waliocheza nao. Alikuwa ameucheza hivyo miaka yote, akilegea nao. Sikumwambia habari za betri.

Mjukuu wangu ameniwekea wimbo kwenye simu yake. Umesafishwa, pande mbili zimeunganishwa, hupaoni mshono. Besi unaisikia mpaka kifuani. Ni mzuri kuliko tulivyowahi kuusikia, nakiri. Ila ukifika pale katikati mimi huinua mkono, na yeye hucheka.

Basi maombi yangu ni mawili. La kwanza, siku mkitunga orodha nyingine, tungeni ya nyimbo, na mtumie mtu aende Tanga, Mombasa, Lubumbashi na Unguja akawaulize mafundi redio na wapigaji wa harusi. Watawapa majina kumi kabla ya chai kupoa, na watagombana, na ugomvi huo ndio wa kuandika.

La pili ni kwa wasomaji wenzangu wa Tanga, Muheza, Pangani, Korogwe na vijiji vya Mkinga. Nakala yangu ililiwa na mashine mwaka 1994, nikaiunga kwa gundi, ikakatika tena, ikaisha. Kama kuna mwenye kanda ya zamani ya Sina Makosa, na katikati yake kuna mwanamume mwenye kikohozi anayepaza sauti kumwambia mtu ageuze, naomba asiitupe. Hata kama imekatika, hata kama imeota ukungu, aje nayo Ngamiani aulize fundi redio mzee, ataelekezwa. Mashine ya kuipigia ninayo, nimeibadilishia mkanda wa ndani juzi, na inafanya kazi.

Wako,
Fundi redio mstaafu,
Ngamiani, Tanga